Bwana Msa, Willy Gamba au Joram Kiango: nianze na nani?

Nahodha_Mikindani (Jumanne, saa 2:14 usiku)

Wakuu, habari za usiku.

Malipo ya mnada wa pili wa korosho yameingia juzi. Deni la salfa ya kupulizia mikorosho nimelimaliza, ada ya mdogo wangu nimeitenga, na imebaki laki moja ambayo nimeiapia kwamba haitaguswa na kitu kingine isipokuwa vitabu.

Ninachotaka ni hadithi za upelelezi za Kiswahili, zile za mhusika mmoja anayeendelea kitabu hadi kitabu. Mwezi uliopita niliazima Mzimu wa Watu wa Kale kwa mwalimu mmoja wa hapa Mikindani, nikakimaliza kwa siku tatu. Tangu hapo Bwana Msa hanitoki kichwani, yeye na kiko chake, na yale maswali yake ambayo mtu anayajibu bila kujua kwamba kamba anajifunga mwenyewe. Nikasema basi, huyu mwandishi nimempenda, nitamtafuta mpaka kitabu cha mwisho. Ila shemeji yangu anasema nitapoteza hela, Bwana Msa ni wa wazee, nichukue Willy Gamba. Na jirani yangu kila tukikutana ananimwagia sifa za Joram Kiango.

Nakwenda Dar Ijumaa ya wiki ijayo, narudi Jumatatu. Laki moja haiwezi kuwabeba wote watatu. Mnanishauri nianze na nani?

KijanaWaLigula (Jumanne, saa 2:31 usiku)

Joram Kiango, mkuu. Hilo halihitaji kikao. Salamu Toka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu, Lazima Ufe Joram, Dar es Salaam Usiku. Beba hizo nne uje ulale hukohuko Mikindani usitoke nje.

Mimi Tutarudi na Roho Zetu nilikisoma kidato cha pili, kitabu kiko chini ya dawati, daftari la jiografia liko juu. Mwalimu akanikamata, akakichukua. Alikaa nacho wiki nzima. Aliponirudishia aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninacho kingine cha mwandishi huyuhuyu, Ben Mtobwa. Huyo ndiye Joram. Ukimfungua hakuachi.

BintiNewala (Jumanne, saa 2:50 usiku)

Kijana, punguza kimoja kwenye orodha yako. Dar es Salaam Usiku ni ya Mtobwa kweli, na ni nzuri mno, lakini Joram hayumo. Mtu akitoa hela yake akitegemea Joram, akafika ukurasa wa hamsini bado anamsubiri, atakulaumu.

Kaka Nahodha, na wewe hujatuambia mambo ya muhimu. Unataka vya karatasi au hata vya kwenye simu? Vipya au vilivyotumika? Zaidi ya huo Mzimu umeshasoma vingapi? Na laki moja hiyo ni ya vitabu vitupu, au na nauli imo humo? Kumshauri mtu bila kujua hayo ni kupiga ramli.

MzeeWaSalfa (Jumanne, saa 3:05 usiku)

Shemeji yako ana akili. Willy Gamba. Kikosi cha Kisasi nimekisoma mara sita na bado nikifika Kinshasa mapigo ya moyo yanabadilika. Musiba, mwandishi wake, alikuwa anaandika kama mtu aliyekaa kwenye hicho chumba. Hao wengine wazuri, lakini hawafiki hapo.

Nahodha_Mikindani (Jumanne, saa 3:20 usiku)

Dada BintiNewala, nisamehe. Nataka vya karatasi. Vipya au vilivyotumika sijali, mradi visomeke, na maandishi yakiwa makubwa kidogo ni bora zaidi. Nauli ni nje ya hiyo laki. Nilivyosoma ni huo Mzimu tu, na nilipokuwa shule ya msingi nilisoma nusu ya Simu ya Kifo. Nusu kwa sababu mwenye kitabu alihamia Masasi.

Mama_Mingoko (Jumanne, saa 3:41 usiku)

Niko Lindi mjini hapa. Mwanangu, siku hizi nani anabeba vitabu kwenye basi? Mimi nasoma kwenye simu. Kuna waandishi wengi tu wa hadithi za upelelezi wanaorusha WhatsApp na Facebook, sehemu kwa sehemu. Za mwanzo unasoma bure, ukinogewa unalipia zinazobaki kwa simu. Mchana nauza ming'oko, ile mizizi yetu ya porini ya kula, na samaki wa kukaanga, jioni wateja wakipungua nakaa na simu yangu. Kwa elfu tano nimesoma hadithi ya sehemu sitini, kila moja inakuacha pabaya. Ni raha ambayo sikuitegemea ukubwani.

Ubaya ninaoukubali ni mmoja tu. Kuna mwandishi aliishia sehemu ya 38, muuaji ameshika kitasa cha mlango, akanyamaza hadi leo. Tulikuwa watu wengi kwenye lile kundi, tukawa tunamwandikia kumuuliza hali yake kuliko kumuuliza hadithi, maana tuliogopa huenda ameumwa.

KijanaWaLigula (Jumanne, saa 3:48 usiku)

Mama, shikamoo. Ming'oko ya Lindi na ya Mtwara ipi tamu, tuanzie hapo kwanza.

Mama_Mingoko (Jumanne, saa 3:52 usiku)

Marahaba. Ya huku. Udongo wetu ni wa kichanga, inaiva upesi na haina nyuzi. Njoo uonje.

BintiNewala (Jumanne, saa 4:10 usiku)

Kabla hatujaingia kwenye ming'oko naomba niseme yaliyonikuta, kwa sababu Kaka Nahodha anakwenda kununua kwa hela ya korosho na najua hela hiyo inavyopatikana.

Miaka minne iliyopita nilipata hamu ileile uliyonayo. Nikampata muuzaji mmoja wa Dar mtandaoni. Picha zake nzuri, majalada yanang'aa. Nikaagiza vitabu vitano vya upelelezi kwa mkupuo, nikatuma hela, mzigo ukapakiwa kwenye basi. Siku ya kwanza mzigo haukufika. Siku ya pili konda akasema umeshushwa Masasi. Siku ya tatu nikaufuata Masasi, nikaukuta juu ya gunia la dagaa, boksi limelowa upande mmoja. Vitabu viwili vilikuwa vimevimba kama mkate uliotiwa maji. Nikavianika juani siku mbili nikavibana chini ya jiwe la kusagia. Nikasema sawa, harufu itaisha.

Kitabu cha tatu ndicho kilichoniumiza. Kilikuwa kikavu, kizuri, hakina doa. Nikaanza kukisoma Ijumaa. Jumapili jioni nikawa nimefika pale ambapo mpelelezi amewakusanya wote sebuleni, amefunga mlango, ameanza kueleza. Ukurasa wa 144. Nafunua, nakuta ukurasa wa 161. Nikarudi. 144, halafu 161. Kumi na sita zote hazipo. Baadaye fundi mmoja wa uchapaji alinieleza kwamba vitabu hushonwa kwa mikunjo, na mkunjo mmoja mara nyingi ni kurasa 16, kwa hiyo mkunjo ukisahaulika mezani kinatoka kitabu chenye sura nzuri na shimo ndani. Na kwenye 161 watu wako msibani tayari, wanamtaja aliyekamatwa kwa neno "yule".

Yule nani? Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwamba kitabu kikishafika hakirudi. Nikakaa mwaka na miezi kadhaa bila kumjua muuaji. Nilikuwa nikipalilia mihogo namfikiria. Nilishawishika kabisa kwamba ni mdogo wake marehemu, nikampangia na sababu. Mpaka nilipokwenda Dar kwenye harusi, nikapita kwa wale wanaopanga vitabu pembeni ya barabara kule Posta, nikakiona kitabu kilekile. Nikasimama palepale juani nikasoma zile kurasa kumi na sita nimesimama. Hakuwa mdogo wake. Mwenye meza aliniangalia nilivyokuwa nasoma, hakunifukuza, na nikakinunua kwa heshima yake ingawa tayari nilikuwa nacho.

Kwa hiyo, kaka, kwa kuwa unakwenda mwenyewe, una bahati. Kabla hujatoa hela fungua kila kitabu hesabu kurasa. Usione aibu. Anza mwishoni: kama kurasa za mwisho zimechanika au hazipo, rudisha. Kisha pitisha kidole kwenye namba kutoka mwanzo hadi mwisho. Na angalia kama si fotokopi iliyobanwa na jalada la rangi, maana hizo zipo nyingi, na mistari ya pembeni huwa imeliwa.

Nahodha_Mikindani (Jumanne, saa 4:22 usiku)

Dada pole sana. Ukurasa wa 144! Nimeumia kama vile ni changu. Nitahesabu kimoja kimoja.

MwlNdanda (Jumatano, saa 12:40 asubuhi)

Habari za asubuhi wote. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu, niko Ndanda. Naomba kumtetea Bwana Msa kwa sababu naona anaitwa wa wazee kana kwamba ni kosa.

Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki 1991. Huo Mzimu ulishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58, ukachapishwa 1960. Kisha zikafuata Kisima cha Giningi 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Jumla saba. Wewe umeshasoma kimoja, vimebaki sita. Kila kimoja kinajitosheleza, kwa hiyo hata ukipata vitatu tu huko Dar hutapotea njia.

Watu husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Kiko kipo, rafiki wa kumsindikiza yupo, Najum. Lakini tazameni anachokifanya. Watu wamekuta maiti kwenye mzimu, na mji mzima uko tayari kusema ni mizimu. Bwana Msa hamtukani mtu kwa imani yake, hacheki, anakaa, anasikiliza mabishano ya watu barazani, anauliza nani alikuwa wapi. Hana bastola. Kazi yote inafanyika ndani ya mazungumzo. Nimewasomesha watoto wa Kimakonde na Kimwera kitabu hiki, na kila mwaka palikuwa na mwanafunzi aliyekuja kuniambia: "Mwalimu, kumbe kijijini kwetu pia panahitaji Bwana Msa."

Kiswahili chake ndicho kitakachokupa kazi. Ni Kiunguja cha zamani, kina vijembe na methali, na mengine utalazimika kuyauliza. Mimi hilo naliona ni faida.

MzeeWaSalfa (Jumatano, saa 1:15 asubuhi)

Mwalimu, heshima yako. Lakini uniambie, kitabu ambacho unahitaji kamusi pembeni utakisoma saa ngapi wakati unarudi shamba umechoka? Willy Gamba unamsoma umelala chali.

MwlNdanda (Jumatano, saa 1:30 asubuhi)

Na usingizi ukikushika humkosi sana. Halafu naomba turekebishe jambo. Willy Gamba si mpelelezi wa mauaji, ni jasusi. Anatumwa na serikali, anapanda ndege, anapambana na maadui wa nchi. Hadithi ya upelelezi msomaji anapewa dalili na yeye anatafuta pamoja na mpelelezi. Hadithi ya ujasusi adui anajulikana mapema, linalobaki ni nani atamuwahi mwenzake. Nahodha ameomba upelelezi.

Mwera_Nachingwea (Jumatano, saa 1:52 asubuhi)

Mwalimu hapo sikubaliani na wewe hata kidogo, na nitasema kwa nini.

Mimi nimekulia Nachingwea. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo kwetu. Baba yangu alikuwa anawapelekea mahindi. Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa vita ya ukombozi ni nini, waliishi nayo uwanjani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar tangu 1963, wapigania uhuru wanapita hapa, majasusi wa Wareno na makaburu nao wanapita hapahapa. Ndipo Musiba anatoa Kufa na Kupona mwaka 1974, Msumbiji bado haijapata uhuru, hadithi inahusu siri za hao wapigania uhuru zilizoibwa. Kwa watu wa Kusini hiyo haikuwa hadithi ya ndege na bastola. Ilikuwa inamhusu kijana aliyekuja kuomba maji kwenu jana.

Kwa hiyo mkisema jasusi, sawa, muiteni jasusi. Lakini msimtoe kwenye orodha. Na dalili zimo. Ukisoma vizuri unaweza kumkamata msaliti kabla ya Willy.

MwlNdanda (Jumatano, saa 2:20 asubuhi)

Ndugu yangu, hayo uliyoyasema ni mazito na ninayapokea. Nakumbuka Juni 1975, Msumbiji ilipopata uhuru, tulivyoshangilia. Lakini uzito wa jambo linalohusika haubadilishi aina ya hadithi.

Mwera_Nachingwea (Jumatano, saa 2:26 asubuhi)

Unabadilisha sababu ya kuisoma.

KijanaWaLigula (Jumatano, saa 2:40 asubuhi)

Basi Joram ndiye jibu, kwa sababu ana vyote viwili. Anachunguza mauaji mitaani Dar, na kwenye Tutarudi na Roho Zetu anapambana na makaburu. Mtobwa alizaliwa Kigoma 1958, amefariki 2008, hakufika hata miaka hamsini na moja, na ona alichotuachia. Natamani angekuwepo mpaka leo aandike Joram mzee, mwenye mvi.

Pwani_Kilwa (Jumatano, saa 6:03 mchana)

Kama Kiingereza hakikusumbui tafuta Hercule Poirot wa Agatha Christie. Riwaya 33, ya kwanza ilitoka 1920. Vilivyotumika vinapatikana kwa bei ndogo kuliko vya Kiswahili, na hilo linaniuma kulisema. Kwenye kufuatilia dalili sijaona anayemzidi.

Lakini Nahodha, bado kuna kitu hujasema. Umesema maandishi makubwa. Mtu wa umri wako anayesoma Mzimu kwa siku tatu ana shida gani na maandishi? Vitabu ni vyako au vya mtu mwingine?

Nahodha_Mikindani (Jumatano, saa 12:45 jioni)

Pwani umenishika. Sikusema kwa sababu sikudhani ina uhusiano, na pia ni mambo ya nyumbani.

Vitabu ni vya kumsomea mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kizazi cha UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, msomaji kuliko sisi wanawe wote. Mwaka huu macho yamefifia. Anasema anaona kama ukungu wa asubuhi baharini, na usiku taa ikiwaka anaona duara la mwanga. Ule Mzimu niliuazima kwa ajili yake. Nilikuwa namsomea baada ya chakula cha jioni, yeye yuko kwenye mkeka, na kila nikifika pahala anasema: "Ngoja. Rudi hapo nyuma. Huyo bwana amesema alikuwa wapi?" Alimjua muuaji kabla yangu. Siku nilipokimaliza alikaa kimya, kisha akaniambia kwamba alikuwa amesahau kwamba jioni inaweza kuwa hivi.

Hapo ndipo nikaamua korosho za mwaka huu zitoe vitabu. Maandishi makubwa niliyataka kwa tumaini kwamba akitaka ajaribu mwenyewe mchana.

BintiNewala (Jumatano, saa 1:02 usiku)

Kaka yangu. Hili ndilo ulitakiwa kuanza nalo. Machozi yamenitoka hapa kibarazani.

Mama_Mingoko (Jumatano, saa 1:10 usiku)

Mwanangu, Mungu akulipe. Yote niliyoyasema ya simu nayafuta. Msomee mama kitabu.

KijanaWaLigula (Jumatano, saa 1:25 usiku)

Nahodha, nimefikiri sana na inanibidi niwe mkweli. Usichukue Joram. Ninampenda Joram kuliko mtu yeyote kwenye uzi huu, lakini kuna kurasa huwezi kuzisoma kwa sauti mbele ya mama yako mzazi. Kuna vyumba vya hoteli, kuna mambo ya wanawake yameelezwa kinagaubaga. Utafika pale ulimi utanata. Ukiruka, na mama ni mwalimu, atasikia kwamba umeruka.

MzeeWaSalfa (Jumatano, saa 1:33 usiku)

Kwenye hilo na Willy Gamba ana kesi ya kujibu. Nakiri. Willy anapenda sana. Labda ukisoma kwanza peke yako ukaweka alama za kuruka.

Mwera_Nachingwea (Jumatano, saa 1:40 usiku)

Mimi nilimsomea baba Kikosi cha Kisasi mwaka aliokuwa hawezi kutoka kitandani. Zilipofika kurasa hizo nilisema "hapa wamepumzika", naye akasema "haya, na wapumzike, endelea". Hatukuwahi kulizungumza. Inawezekana, ndugu. Inategemea mzazi.

MwlNdanda (Jumatano, saa 2:05 usiku)

Nahodha, mpe mama yako salamu za mwalimu mwenzake. Sasa sikiliza kwa upande wa kusoma kwa sauti, maana nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote.

Bwana Msa anasomeka kwa sauti kuliko wote kwa sababu watu wake wanazungumza. Kila mmoja ana namna yake ya kusema. Ukibadilisha sauti kidogo kwa kila mmoja, mama atawaona. Vurumai la bastola na magari linamchosha msikilizaji haraka, kwa kuwa jicho la msomaji hukimbia ila ulimi haukimbii. Na usisome sura nzima kwa mkupuo. Simama pale anapokwambia "ngoja". Hapo ndipo anapofanya kazi ya Bwana Msa mwenyewe.

Ningeanza na Kisima cha Giningi. Mama wa umri huo alishasimuliwa Giningi, kule ambako hadithi za visiwani zinasema wachawi hukutana. Jina lenyewe litamkalisha sawa.

Pwani_Kilwa (Jumatano, saa 2:30 usiku)

Poirot naye nimemwondoa. Kumtafsiria mtu huku unasoma ni kazi ya watu wawili.

Jambo jingine, Nahodha. Hayo ya ukungu na duara la mwanga kwenye taa, mmempeleka hospitali? Bibi yangu alianza hivyohivyo, ikawa ni mtoto wa jicho. Walimtoa ile lenzi iliyopata ukungu wakamwekea nyingine ya bandia, hakulazwa hata siku mbili. Wiki ya pili alikuwa anachambua mchele mwenyewe na kutuonyesha mawe tuliyoyaacha.

Nahodha_Mikindani (Jumatano, saa 2:41 usiku)

Hatujampeleka. Anasema ni uzee. Na sisi tulikubali, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kutuambia lipi ni ugonjwa na lipi si ugonjwa.

BintiNewala (Jumatano, saa 2:50 usiku)

Mpelekeni. Hospitali ya rufaa ya kanda iko hapo Mitengo, kutoka Mikindani ni hatua chache. Muulize daktari wa macho, inaweza kuwa mtoto wa jicho au presha ya macho, na presha ya macho haingoji mtu. Usingoje mpaka urudi kutoka Dar.

MzeeWaSalfa (Jumatano, saa 3:00 usiku)

Na ukifunga safari jiandae. Hali ya mvua naifuatilia. Mei 2024 kilipopita Kimbunga Hidaya nilikuwa kwenye basi, barabara ikakatika kule Somanga. Tulikula karanga za abiria mmoja mpaka zikaisha. Nilikuwa na kitabu cha Njama cha Musiba mkononi, tukawa tunapokezana kurasa, watu wanne, kila mmoja anamngoja mwenzake afunue. Chukua kitabu cha njiani, usivifungue vya mama.

KijanaWaLigula (Jumatano, saa 3:12 usiku)

Vifunge kwa nailoni mara mbili, uvikalie mwenyewe. Usimpe konda. Tumeshasikia ya dagaa.

Nahodha_Mikindani (Alhamisi, saa 1:20 usiku)

Wakuu, nimerudi. Leo asubuhi tumekwenda Mitengo. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa zaidi. Tumepewa tarehe ya kuanza na hilo la kulia, wiki tatu kutoka sasa. Kuna gharama za kuchangia. Nilipomwambia mama kwamba laki ya vitabu itasaidia hapo, alinikatalia. Amesema wanawe wengine wapo watachanga, hiyo ya vitabu ni ya vitabu. Nimewapigia simu ndugu zangu na tayari wawili wametuma.

Nikamuuliza basi nimletee nani kati ya hao watatu. Nikamweleza wote, hata yale ya Joram nikayasema kwa kuzungukazunguka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema Bwana Msa anamtaka usiku huu na kila usiku mpaka siku ya operesheni. Ila huyo Joram, nimletee pia kimoja, nikiweke kabatini. Atakisoma mwenyewe akishaona.

MwlNdanda (Alhamisi, saa 1:34 usiku)

Mwalimu kabisa huyo.

Mwera_Nachingwea (Alhamisi, saa 1:50 usiku)

Na Willy Gamba je? Nahodha, muulize kama alikuwa mpakani miaka ile. Kama alikuwa Kitaya au Kilambo akisikia milio ng'ambo ya Ruvuma, basi Kufa na Kupona ni chake.

Nahodha_Mikindani (Alhamisi, saa 2:02 usiku)

Alifundisha Kitaya kabla sijazaliwa. Nitamuuliza kesho.

KijanaWaLigula (Alhamisi, saa 2:08 usiku)

Nahodha, huko Posta ukiona Lazima Ufe Joram yenye kurasa zote, nichukulie na mimi moja. Nitakurushia hela kwenye simu sasa hivi. Na nitakuja Mikindani kukichukua, nimsalimie mama.